Kakira wa Gisaka na Michoro ya Migongo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kusoma habari za methali, za miiko, za mazishi na za majina ya koo. Habari za michoro haziandikwi mara nyingi, na sababu yake ni kwamba wengi wetu tulilelewa tukiamini ya kuwa nchi zetu za bara hazikuwa na wachoraji. Tulipokuwa wanafunzi, kuchora kulikuwa ni kuchora jagi, jani la mgomba na ramani. Na yule ambaye jagi lake lilifanana na jagi lililowekwa mezani ndiye aliyesifiwa. Siku moja mwenzetu alijaza ukurasa mzima kwa mistari ya kupinda-pinda, kama ile aliyoiona katika kikapu cha bibi yake. Mwalimu akatazama, akasema, "Wewe hukuchora kitu." Neno hilo hatukulisahau, na makala haya yataka kulijibu, ijapokuwa jibu limekawia miaka mingi.

Jibu lenyewe li karibu. Sisi tukaao Bukiriro, katika wilaya ya Ngara, hatuko mbali na mto Kagera, na ng'ambo ya mto ule ndiyo nchi iliyoitwa Gisaka, ambayo leo i katika Mkoa wa Mashariki wa Rwanda. Gisaka ilikuwa na wafalme wake wenyewe, wa ukoo wa Abagesera, hata katikati ya karne ya 19, ndipo Mutara Rwogera, mfalme wa Rwanda, alipoitwaa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza iliwekwa kwa muda mfupi chini ya Waingereza pamoja na Tanganyika, na kufikia mwaka 1924 ilikuwa imekwisha rudishwa kwa Wabelgiji. Twataja hayo ili msomaji asidhani ya kuwa tunasimulia habari za watu wa mbali. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda na Kirundi, na mpaka tuuonao leo ulichorwa juu ya watu waliokuwa wakielewana bila mkalimani.

Katika nchi hiyo ya Gisaka kulitokea, kama wasemavyo wazee wake, mtu mmoja aitwaye Kakira ka Kimenyi, mwana wa mfalme, aliyepamba kuta za nyumba yake kwa michoro isiyofanana na kitu cho chote kinachotembea wala kinachoota. Michoro hiyo yaitwa imigongo. Twataka kuuliza mambo matatu: Kakira alikuwa nani, michoro yake yatwambia nini, na mtu wa leo, fundi au mwalimu, achukue nini kwake.

I. Neno lenyewe

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Imigongo ni migongo yetu; umugongo ni mgongo. Neno hili limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na popote lilipo halina maana ya kiungo cha mwili tu. Twasema mgongo wa kilima, na mgongo wa nyumba pale paa mbili zikutanapo. Ni kitu kilichoinuka kwa urefu, chenye bonde huku na huku. Na ndivyo michoro hii ilivyo: mistari yake haikulala juu ya ukuta kama wino juu ya karatasi, bali imeinuka, hata mtu aliyefumba macho aweza kuifuata kwa kidole.

Na jina la mwenyewe lina somo dogo la sarufi. Sisi katika Kiswahili tungesema Kakira wa Kimenyi, kwa kuwa mtu ni mtu, na ngeli yake ni ile ya watu. Lakini wao husema Kakira ka Kimenyi; kiungo chafuata silabi ya kwanza ya jina, wala hakiangalii kwamba mwenye jina ni mtu. Tumelitaja kwa sababu wako wanaoliandika jina hili vibaya, wakidhani "ka" ni kosa la mchapaji.

II. Maisha ya Kakira

Habari za maisha yake ni chache, nazo zatoka midomoni mwa watu. Wengine husema aliishi katika karne ya 18, wengine husema mwanzoni mwa karne ya 19. Tofauti hiyo si ajabu, kwani jina la Kimenyi lilikuwa jina la wafalme kadhaa wa Gisaka. Yuko hata mmoja anayehesabiwa kuwa wa nne, Kimenyi Getura. Mtu akiambiwa tu, "Alikuwa mwana wa Kimenyi," hajaambiwa bado ni Kimenyi yupi. Yatupasa basi kuichukua habari hii kama mapokeo, wala si kama hati.

Liko na jambo la pili la kuchunguza. Kazi ya migongo, tangu ilipojulikana na wageni mpaka leo, ni kazi ya wanawake. Mama humfundisha binti, na binti humfundisha binti yake. Imekuwaje basi kazi ya wanawake ikawa na baba mmoja, tena mwana wa mfalme? Mtu mwenye shaka atasema kwamba ndiyo desturi ya dunia: wengi hufanya kazi, kisha mkubwa mmoja hupewa jina. Hatuwezi kumkatalia moja kwa moja. Twajua ya kuwa michoro ya jamii hii, ya pembe na ya mistari ya kupinda-pinda, imo katika vikapu na mikeka ya nchi zile, na kusuka ni kazi ya kale ya wanawake. Hatudhani ya kuwa Kakira aliamka siku moja akavumbua pembe tatu.

Hata hivyo hatuko tayari kumfuta. Mapokeo yakitaka kumheshimu mwana wa mfalme huwa yana vitu vyake vya kumpa: mkuki, ngoma, vita aliyoshinda, ng'ombe aliowateka. Kakira hakupewa hata kimoja cha hivyo. Alipewa ukuta wa nyumba, tena wa ndani. Mtu aliyetunga uongo ili kumsifu mkuu asingelichagua sifa ya namna hiyo, kwani kwa wenye kupiga vita ni kama dhihaka. Kwa hiyo twaona kwamba yamkini chini ya hadithi hii yuko mtu kweli, aliyependa nyumba yake iwe nzuri, naye akachukua michoro iliyokuwa mikononi mwa wanawake, akaipandisha ukutani, au akawaomba waipandishe. Hilo si jambo dogo. Mstari uliokuwa ukizunguka kikapu ukapata mahali pa kusimama, ukawa mkubwa kuliko mtu anayeutazama.

Na tazameni mwisho wa mambo. Ufalme wa Gisaka ulikwisha, na majina ya wafalme wake hujulikana na wachache. Lakini jina la Kakira latajwa hata leo na kila ashikaye kazi hii.

III. Kazi yenyewe

Kwanza mchoro huandikwa kwa makaa juu ya ukuta, au siku hizi juu ya ubao. Kisha huchukuliwa mavi ya ng'ombe yaliyo mabichi, yakachanganywa na majivu. Majivu huondoa harufu na kuzuia wadudu. Mchanganyiko huo hupandishwa kwa vidole juu ya alama za makaa, kidogo kidogo, mpaka mgongo uinuke. Huachwa ukauke, ukiisha kukauka husuguliwa hata uwe laini, ndipo rangi hupakwa.

Rangi za asili ni chache, na kubwa ni tatu. Nyeupe ni udongo mweupe. Nyekundu ni udongo mwekundu, ule ambao watu wa pwani huuita ngeu. Nyeusi ndiyo yenye kazi: ni majivu ya maganda ya ndizi, pamoja na utomvu wa shubiri na matunda ya mtunguja. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotoka dukani. Vyote vyapatikana katika mwendo wa asubuhi moja: zizini, shambani, jikoni na katika kingo za mto.

Wako watakaokunja pua wakisikia mavi ya ng'ombe. Twawajibu kwamba kosa ni la lugha wanayoifikiria. Katika Kinyarwanda na Kirundi mavi ya ng'ombe yana jina lake peke yake, amase, lisilochanganywa na uchafu wa mtu. Kwa mfugaji kitu hiki ni kitu cha nyumba: husawazisha sakafu, huziba mashimo ya ukuta, hurutubisha mgomba. Kakira, au hao wanawake, walichukua kitu kilichokuwa tayari ukutani kama plasta, wakakiambia kiinuke. Watu wa Lamu walifanya jambo la namna hiyo kwa chokaa ya matumbawe, walipozijaza kuta zao vidaka na nakshi. Kila nchi huanzia na kile kilicho mkononi.

Na kwa nini mchoro uinuke? Hapa twatoa maoni yetu wenyewe. Nyumba ya zamani ilikuwa ya msonge, imeezekwa nyasi, na nuru yake iliingia mlangoni tu, ikipita kando ya ukuta. Rangi iliyolala ingepotea katika giza lile. Lakini mgongo ulioinuka huipokea nuru upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili, na kivuli huongeza mstari mwingine ambao haukupakwa na mtu. Asubuhi mchoro huonekana hivi, jioni huonekana vingine, na usiku moto wa mafiga huutikisa. Aliyetazama migongo chini ya taa ya umeme, iliyowekwa juu ya dari, ameona nusu yake tu.

IV. Michoro yasema nini?

Hapa twakutana na makosa mawili, la kushoto na la kulia.

Kosa la kwanza ni la yule mwalimu wa zamani: kwa kuwa michoro haina sura ya ng'ombe wala ya mtu, ati haina kitu. Lakini huko Ulaya wenyewe walikuja kuiacha sura. Hilma af Klint, mwanamke wa Sweden, alianza mwaka 1906 kuchora duara na mistari ya kujizungusha isiyoiga kitu, akausia kwamba kazi zake zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kufa kwake. Wassily Kandinsky, Mrusi, alifuata njia hiyo miaka michache baadaye. Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1872, alianza kwa kuchora miti. Kila mwaka mti ukazidi kupungukiwa na majani na matawi, hata ikabaki mistari myeusi iliyosimama na iliyolala, na katikati yake nyekundu, buluu na manjano. Walisifiwa kwa ujasiri, na walistahili. Lakini hao walikuwa wakitoka katika sura kwa shida, kama mtu anayehama nyumba ya baba yake. Watu wa Gisaka hawakuwa na nyumba ya kuhama. Mstari ulikuwa kwao tangu mwanzo. Hatusemi hayo ili kushindana nani alitangulia. Twasema ili isidhaniwe tena kwamba asiyechora jagi hajui kuchora.

Kosa la pili ni la leo, nalo ni la wale wanaompa kila mgongo tafsiri yake kama kamusi: pembe hii ni mlima, ile ni ushujaa, hii nyingine ni mapenzi ya mume na mke. Majina ya michoro yapo, na ni wajibu kuyaandika. Lakini jina si maana. Sisi huita nyota fulani Kilimia, wala hatudhani ya kuwa yalima. Mara nyingi tafsiri hizi huzaliwa mlangoni mwa duka, mnunuzi anapouliza, na muuzaji hapendi kumwacha bila jibu.

Sisi twaona ya kuwa maana ya michoro hii imo katika kipimo na zamu. Mfano wake ni ngoma. Ngoma haitamki neno, lakini mkono mmoja ukichelewa, hata mtoto ajua ya kuwa pameharibika. Tazama mstari wa pembe zilizopangwa, nyeusi na nyeupe. Ukiishika nyeusi kwa jicho, nyeupe yawa nafasi. Ukiishika nyeupe, nyeusi yarudi nyuma. Jicho halipati kupumzika, wala halichoki. Na tazama ukingoni: mara nyingi mchoro haukufungwa, umekatwa tu na mwisho wa ukuta au wa ubao, kana kwamba waendelea upande wa pili usioonekana. Aliyechora hivyo alijua jambo ambalo hakulihitajia sura ya mtu ili kulieleza.

V. Mwaka 1994 na baada yake

Hatuwezi kuandika habari za kazi hii tukanyamaza juu ya mwaka 1994, kwani sisi wa Ngara tuliona kwa macho. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza mwezi Aprili, na katika kanisa la Nyarubuye, ndani ya nchi hiyo hiyo ya Gisaka, maelfu waliuawa. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu katika muda wa kama siku moja, wengi wao wakikimbia vita iliyokuwa ikisogea, na Benaco ikawa mji wa turubali. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanawake waliojua migongo, na ng'ombe wao wakachinjwa au wakatawanyika. Kazi inayopita toka mama hata binti haina ghala jingine. Mama akifa kabla ya kufundisha, imekwisha.

Haikuisha. Waliosalia, na wajane wengi miongoni mwao, walikusanyika katika vyama vya ushirika huko Nyarubuye na Kirehe, wakaanza tena na wakafundisha vijana. Chama kimoja kimejiita kwa jina la Kakira mwenyewe. Twaona ya kuwa sehemu hii ya habari ni kubwa kuliko ile ya mwana wa mfalme. Yeye alipamba nyumba iliyokuwa imesimama. Hao walianza kupamba kabla nyumba haijasimama.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Migongo imetoka ukutani ikaingia katika ubao, na ubao hupimwa kwa mfuko wa msafiri. Faida yake ni wazi: mwanamke hulipwa, watoto husoma, na kazi huonekana Kigali na nchi za mbali. Hasara yake nayo ipo. Tumeona mbao ambazo migongo yake imekuwa myembamba kama uzi, kwa kuwa anayepaka afanya haraka. Na nyingine zenye rangi za kopo, kijani na buluu, ambazo hazikai pamoja na zile tatu za asili kwa sababu zinang'aa ambapo udongo hung'aa kidogo tu. Hatusemi kwamba fundi asibadili kitu. Kakira mwenyewe, kama alikuwako, alibadili. Twasema kwamba badiliko lililo zuri hutoka katika kazi, wala si katika haraka ya soko.

Mwalimu mwenzetu ana ubao mmoja wa namna ya kale nyumbani kwake. Tulikuwapo siku alipotembelewa na mama yake, mzee asiyeona vizuri. Yule mama hakurudi nyuma kutazama, kama tufanyavyo sisi. Alisogea, akaweka vidole viwili juu ya mgongo, akaufuata toka ukingo hata ukingo. Kisha akauliza, "Aliyeufanya ni nani?" Hakuna aliyejua. Nyuma ya ubao palikuwa na bei tu.

VI. Tuchukue nini?

Swali la yule mama ndilo limetufikisha mwisho wa makala haya. Wako vijana wa kwetu wanaopenda kuchora, nao hutuuliza kama wafaa kuiga migongo. Twawajibu kwamba kuiga mchoro ni kuchukua ganda. Mstari wa Gisaka una watu wake, nao wameununua kwa thamani kubwa. Anayeunakili ili auze amewanyang'anya wajane. Cha kuchukua ni mwenendo wa kazi: kuanza na kitu kilicho karibu, hata kama watu hukidharau, kutosheka na rangi chache mpaka uzijue, kurudia kipimo kimoja bila kuchoka, ukijua kwamba kosa la mahali pamoja huonekana ukuta mzima, na kupamba mahali unapoishi kabla ya kupamba mahali pa kuuzia.

Na kwa walimu wenzetu twaongeza ombi. Katika nyumba zetu za Ngara na Biharamulo viko vikapu, mikeka na vifuniko vyenye michoro ambayo majina yake katika Kishubi na Kihangaza hayajaandikwa popote tujuapo sisi. Wenye kuyajua ni bibi zetu, na idadi yao yapungua kila masika. Kila mwalimu na awaambie wanafunzi wake walete mchoro mmoja kutoka nyumbani, na jina lake, na jina la mwanamke aliyeusuka. Jina la mwisho hilo lisisahauliwe. Kakira ana jina kwa sababu baba yake alikuwa mfalme. Wanawake wa Gisaka waliofanya kazi ileile kwa vizazi vingi hawana. Sisi tulio na kalamu hatuna udhuru wa kurudia kosa hilo.

Na mwanafunzi atakapojaza ukurasa kwa mistari ya kupinda-pinda, mwalimu na ageuze daftari nuruni, atazame vizuri, kisha amwulize: "Huu waitwaje?"